Maksai wa Mzee Masanja na kichinjio changu

Ndiyo, nilifungwa. Na ndiyo, kura napiga. Hayo mawili nimeulizwa leo na watu wengi mpaka nimeona bora niandike, mwingine akiuliza nampa simu asome mwenyewe, mimi naendelea kumimina.

Leo Alhamisi. Baridi imeamka kabla yangu, na upepo unaleta vumbi mpaka kwenye kashata. Mteja mmoja kaniambia kashata zangu zina mchanga. Nimemwambia huo ni ufuta wa Kakese, ashukuru sijamwongezea bei.

Kwa asiyenijua: nauza kahawa. Nalala Kakese, nauza Shanwe, natembea na birika lenye mkaa chini na vikombe kwenye ndoo. Jina la ubatizo Kalisto, ila watu wananiita Birika, hata mama mkwe. Shule niliishia la tano, kwa hiyo mkiona herufi imekaa vibaya nyie ruka tu, ndo tunavyofanya na mashimo ya barabarani.

Kazi yangu ina uzuri mmoja. Siasa zote za Shanwe zinapita kwenye vikombe vyangu. Pale kijiweni kwa Sadoki, fundi cherehani, watu wameshachagua madiwani, wameshaweka lami mpaka mlangoni kwa kila mtu, wameshagombana na kupatana, na mimi nimesimama hapo namimina. Nasikia yote.

Kuchangia sikuwa nachangia.

Siku moja nilijaribu. Nilisema neno moja tu kuhusu kisima cha mtaa. Sadoki akaacha kukanyaga cherehani, akaniuliza, "Birika, kaka yangu, kichinjio unacho?" Kichinjio ndo kadi ya mpiga kura, huku kwetu tunaiita hivyo kwa sababu siku ya kura kuna watu wanachinjwa bila damu. Nikacheka. Sadoki akasema, "Basi mimina kahawa."

Nikamimina.

Ukweli ni kwamba nilidhani mtu akishafungwa kura yake inakufa na haifufuki. Nilikuwa ndani uchaguzi ulipopita, na sisi wa vifungo virefu hatukupiga. Kulikuwa na mzee mmoja wa selo yetu, akasema, "Nyie kura zenu zimeshazikwa, hata mkitoka." Alisema kama mtu anayejua. Na yeye mwenyewe alikuwa kaingia kwa kujifanya daktari wa mifugo. Ningeshtukia pale pale, lakini wapi.

Nilipotoka sikuuliza mtu. Ukiuliza, lazima useme kwa nini unauliza.

Halafu nikafanya ujinga. Uchaguzi uliofuata nilichukua rangi nyeusi ya viatu, nikapaka kidole kidogo cha kushoto, nikaenda kijiweni nimekinyoosha kama kimevunjika. Wote wanaonyesha vidole, na mimi naonyesha. Ikawa raha mpaka nilipoanza kuosha vikombe. Maji yakawa meusi. Sadoki akachungulia ndoo, akasema, "Jamani, wino wa kwetu unakaa wiki, wa Birika umeona maji umekimbia." Walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Mimi nilicheka kuliko wote.

Nyumbani mke wangu Leokadia hakucheka. Alinipa sabuni, akageuka akaendelea kuchambua mchele.

Sasa niseme nilichofungiwa, maana mpaka hapa nimezunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Niliiba maksai wa Mzee Masanja. Mzee huyu ni Msukuma, alihamia Kakese na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Mimi nilikuwa kijana, kichwa cha maji, nataka pikipiki na sitaki jembe. Mahakamani nilijitetea kwamba ng'ombe alitembea kwa miguu yake mwenyewe, mimi nilikuwa nyuma tu. Hakimu hakucheka. Akanipa mitano, nikakaa mitatu na kidogo kwa sababu ya tabia njema. Nyie mnaonijua msianze.

Huyo maksai alikuwa na jina, Mabula. Nililijua siku mzee anatoa ushahidi. Alieleza kwamba plau inavutwa na wawili, kwamba yule aliyebaki aligoma kufungwa nira na mwingine, na mvua ikapita shamba limelala. Mimi nilikuwa nimeona nyama inayotembea. Kumbe mzee alipoteza mwaka mzima, yeye na watoto wake.

Hilo sijawahi kulitania. Tangu nitoke, nikimwona mzee kwa mbali nageuza njia. Na kujificha ukiwa na ndoo ya vikombe vinavyogongana ni kazi, nawaambieni.

Mwaka jana walikuja kuandikisha wapiga kura pale shule ya msingi ya Kakese. Mimi sikwenda kujiandikisha, nilikwenda kuuza. Foleni ndefu, asubuhi ya baridi, muuza kahawa unataka Mungu akupe nini tena? Dada mwandikishaji akatoka kidogo kunywa, akaniuliza, "Kaka, wewe umeshajiandikisha?"

"Mimi nilifungwa, dada."

"Sa hivi uko gerezani?"

Nikaangalia birika. "Hapana, niko hapa nakumiminia."

"Kifungo ulimaliza?"

"Nilimaliza zamani."

"Sasa unasubiri nini? Anayezuiwa ni aliye ndani na kifungo kirefu. Wewe umetoka. Weka birika chini, uingie."

Miaka yote ile, kumbe ilikuwa ni kuuliza tu.

Waliponiambia niweke vidole kwenye mashine, kwanza niliufuta mkono kwenye suruali. Mara ya mwisho kuchukuliwa alama za vidole, askari ndo alikuwa kanikamata kiganja anakandamiza kimoja kimoja. Safari hii dada akasema tu, "Taratibu kaka, hakuna haraka." Kwenye picha nimetoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Lakini ni mimi, na jina chini ni langu.

Ila wakati ananipa kadi akaniambia kitu kikaninyima raha. Kwamba baadaye majina yatabandikwa ukutani kila mtu ayaone, na mwenye pingamizi na jina la mtu anaruhusiwa kulipeleka.

Mwenye pingamizi na mimi nilikuwa namjua kwa jina, na ng'ombe wake namjua kwa jina.

Basi kadi nikaifunga kwenye nailoni, nikaiweka chini ya kashata. Sadoki sikumwonyesha. Niliwaza, nikijisifu leo halafu Mzee Masanja akanifuta kesho, narudi kuwa yule wa rangi ya viatu. Nikaendelea kumimina kimya.

Leo ndo majina yamebandikwa. Na ndani ya darasa wanaandikisha wale waliobaki. Nimefika mapema na birika langu, nimepapasa karatasi na kidole mpaka nimelifikia. Lipo. Nimeligusa mara tatu kama mama anayepima homa ya mtoto.

Nyuma yangu nikasikia fimbo inagonga chini.

Alikuwa Mzee Masanja. Hakuna njia ya kugeuza, mbele ukuta. "Mwangaluka, mzee," nikamwamkia kwa Kisukuma. Hofu inakufundisha lugha.

Akaitikia. Akasema macho yake hayaoni tena herufi ndogo, nimtazamie jina lake. Nikatazama juu mpaka chini, nikarudia. "Halipo, mzee."

"Na la kwako?"

Ningeweza kusema halipo. Asingeona. Hilo ndo lililonipitia kichwani, siwadanganyi.

"Lipo," nikasema. "Hili hapa."

Akaangalia pale kidole changu kilipo, akaangalia muda mrefu kwa mtu ambaye haoni. Halafu akaniacha, akaingia darasani.

Nikajua imekwisha. Dirisha la darasa halina kioo, namwona anaongea na dada mwandikishaji, na fimbo inaninyooshea mimi. Watu wote wa foleni wakageuka. Nikaanza kukusanya vikombe, mteja mmoja hajamaliza nikamnyang'anya.

"Wewe wa kahawa!" dada akaita. "Njoo huku."

Nikaingia. Miguu hii ndiyo iliyopanda kizimbani, naijua inavyokuwa.

Kumbe shida ni nyingine. Kulikuwa na kijana, wakala wa chama, kakaa na daftari lake, anasema huyu mzee hamjui, watu wa ng'ombe wanahamahama, atajuaje kama ni mkazi wa hapa au anapita tu. Na mzee hana karatasi yoyote. Dada akaniambia, "Mzee anasema wewe unaweza kuthibitisha anakaa hapa."

Nikamwangalia mzee. Naye akasema, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto, "Mwulizeni huyu. Kwangu anapajua. Alifika bila kuonyeshwa njia."

Foleni ikasogea mlangoni.

Wakala akaniuliza, "Unamjuaje?"

Ningeweza kusema ni jirani. Lakini mzee kanitazama, na mimi uongo wa kidole ulishanitosha. Nikasema, "Namjua kwa sababu nilimwibia maksai. Nilimtoa kwenye zizi lake hapa hapa Kakese, nikafungwa, nikamaliza. Zizi liko pale pale mpaka leo, mimi nalikwepa kila siku. Kama kuna mtu hapa anapajua kwa mzee huyu kuliko mimi, asimame."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni ndo alianza kucheka, akajiziba na khanga. Ikawa kicheko darasa zima. Hata dada kainama chini ya meza eti anatafuta kalamu.

Wakala yeye hakucheka. Akasema, "Sasa huyu naye, mwizi wa ng'ombe, jina lake linafanya nini ukutani?"

Kicheko kikakatika. Neno ndo hilo, nilikuwa nalisubiri tangu mwaka jana. Nikamwangalia mzee, maana hakukuwa na mtu mwingine wa kumwangalia.

Mzee Masanja akageuka taratibu. "Kijana, siku ya hukumu ulikuwepo?"

"Hapana, mzee."

"Mimi nilikuwepo. Hakimu alisema miaka mitano. Hakusema maisha." Halafu akamgeukia dada. "Haya mwanangu, nakaa wapi nipigwe picha?"

Nilitoka nje nikakaa chini kwenye vumbi. Yule mteja niliyemnyang'anya kikombe ndo alinipa kikombe, kahawa yangu mwenyewe.

Baadaye mzee akatoka, kadi mkononi, akasema nimiminie. Akanywa amesimama. Akasema, "Mabula sijamsahau."

"Najua, mzee."

"Na usije ukadhani leo nimekusamehe. Nimesema tu alichosema hakimu."

"Nashukuru hivyo hivyo, mzee."

Akageuza kikombe, akakitikisa, akanirudishia, akaenda zake. Nami leo nimerudi nyumbani kwa njia inayopita mbele ya zizi lake. Ni fupi sana kumbe. Nimekuwa nikizunguka bure.

Msamaha sikupewa na sikuuomba. Lakini nashukuru. Sijui nielezeje. Nilifikiri kuna watu wawili tu duniani, anayekusamehe na anayekukaba. Kumbe kuna wa tatu, ambaye bado ana uchungu na wewe na bado haongezi hata siku moja kwenye kifungo chako. Sijui kama mimi ningeweza. Mimi mtu akinivunjia kikombe namkumbuka mpaka Pasaka.

Baadaye nilipofika Shanwe habari ilishanitangulia, habari za Kakese zina pikipiki. Sadoki alinisubiri na mdomo mmoja mkubwa. Nikamwekea kichinjio juu ya cherehani. Akakigeuza, akaangalia picha ya mjusi, akacheka wee, mpaka akafuta machozi na kitambaa cha mteja. Halafu akasogeza benchi kidogo, akasema, "Haya, kaa. Siku ile kuhusu kisima ulikuwa unasema nini?"

Nimeongea mpaka kahawa ikapoa.

Sasa wewe unayesoma, tufanye dili. Siku ya kura nitakuwa pale shuleni na birika. Wewe nishikie birika, mimi niingie. Nikitoka nakushikia mzigo wako, mtoto wako, kuku wako, chochote ulichobeba, na wewe uingie. Kama una ndugu alitoka ndani anageuza njia kama nilivyokuwa mimi, njoo naye sasa hivi wakati bado wanaandikisha, mimi namsindikiza mpaka mezani, na akiulizwa anakaa wapi nitamsaidia kujibu, uzoefu ninao. Wa mbali, dili hili kafanye na muuza kahawa wa kwenu.

Sharti langu ni moja. Siku hiyo vikombe unaosha wewe. Kidole changu hakigusi maji mpaka Leokadia akione.