Gemalyn, Upawa Wako Bado Uko Ukutani

Mwaka umetimia leo, mwanetu Gemalyn, tangu homa ile ya mbu ilipokukuta Jumatatu ukiwa mashineni unashona, na Jumamosi tukawa tunakuvisha gauni lako la bluu ambalo hukuwahi kulipinda upindo. Mama yako aliumalizia kwa sindano ya mkono, machozi yakimziba macho. Upindo ulikwenda upande. Utusamehe.

Hapa mjini kwetu Panitan nusu ya watoto wa shule bado wanavaa sare za mkono wako. Ulikuwa ukiongea na pini mdomoni na watu wakakuelewa. Mtoto akija kaptula imechanika hukumwambia arudi kesho. Ulimkalisha kwenye benchi amejifunga taulo, ukamtegea vitendawili mpaka ukakata uzi wa mwisho. Vitendawili hivyo ulivitoa kwa mama yako, ukaviharibu makusudi ili watoto wakusahihishe.

Na watoto wako sasa! Midomo yao haikuwa na breki. Tunakumbuka chakula cha jioni, hata wali haujapoa.

"Mama, mwalimu kasema jua ni nyota."

"Hakusema hivyo, Aiza. Kasema ni kama nyota."

"Kwani Jonalyn wewe ulikuwepo? Wewe si uko darasa la pili?"

"Nilikuwa dirishani."

"Mama, eti kuku ana magoti?" Huyo ni Onyok, alikuwa na miaka minne tu.

Hapo ndipo ulipokuwa ukinyanyuka, unautungua ule upawa wa kifuu ukutani, unagonga meza. "Kimya! Anayeshika upawa ndiye anayesema, wengine mnatafuna." Basi upawa ukazunguka. Aiza akishika, anahutubia kama diwani. Jonalyn akishika, anamsahihisha Aiza. Onyok akishika, anaukumbatia kifuani na hasemi kitu, mpaka dada zake wanapiga kelele, naye anajibu, "Subirini, nafikiri."

Rodel, mumeo, alikuwa akicheka mpaka anapaliwa. "Gema, hawa watoto ni wa kwenu kabisa. Kwetu sisi watu huongea Jumapili tu."

Ulipoondoka, upawa ukabaki ukutani. Hakuna aliyekataza kuugusa. Wali ukawa unapakuliwa kwa kijiko, watoto wanakula, wanaosha sahani, wanaondoka. Nyumba iliyokuwa ikisikika mpaka kwa muuza barafu, sasa ndani yake tukawa tunamsikia mjusi wa darini akiita, tunahesabu ameita mara ngapi.

Kuna jambo lazima tukwambie, kwa kuwa ndilo lililoula mwaka wetu wote.

Siku ya kukutoa nyumbani, mama yako ndiye aliyesimamia watoto kuvushwa. Desturi unaijua, uliiona kwa marehemu baba yako: jeneza likifika mlangoni, watoto wadogo wananyanyuliwa juu yake, mikono inawapokea upande wa pili, majina yao yanaitwa, ili aliyekufa asiwatamani akawa anawarudia na kuwaumiza. Rodel alisimama kushoto, mama yako kulia. Aiza akavuka. Jonalyn akavuka akipiga mateke. Onyok alikuwa amelala chini ya meza yako ya kushonea, amejifunika vipande vya nguo, na kwa kilio kile hakuna aliyewahesabu watoto. Tulimkumbuka makaburini, udongo umeshajaa.

Kosa hilo ni la mama yako, si la mtu mwingine.

Ili kumkinga, akakata kitambaa chekundu, akashonea kipande cha tangawizi ndani, akambania mtoto kwenye shati. Kila asubuhi akamshika paji la uso kabla hata ya kuwasha moto. Mtoto hakuumwa hata mafua. Ila wiki ya tano, tukiwa tunakunywa kahawa na samaki mkavu, akasema kama anayeomba chumvi:

"Mama alikuja."

"Alikuja wapi?" Jonalyn akauliza.

"Kwangu. Nilipolala."

"Mbona sisi hatukumuota?"

"Nyie si mlivushwa? Mimi sikuvushwa."

Mama yako alimwaga kahawa. Akataka kumnyamazisha, lakini Aiza alikuwa ameshamshika Onyok mabega. "Alisema nini? Sema yote, usiruke kitu."

"Alisema Jonalyn aniazime ndala nyekundu."

"Muongo! Mama hawezi kutoka huko kote kwa ajili ya ndala!"

"Haya, muulize mwenyewe."

Jonalyn akalia kwanza. Halafu akaenda kuzileta ndala.

"Alivaa nini?" mama yako aliuliza, naye hakutaka kuuliza.

"Bluu. Pale chini pamekwenda upande."

Gemalyn, upindo ule mama yako aliushona mwenyewe. Kuanzia hapo aliamini kila neno la mtoto yule.

Basi kila asubuhi ikawa habari zako. Umekuja na mkasi. Umekuja umenenepa. Umesema kuku ana magoti, ila kwa nyuma. Aiza anabisha, Jonalyn anamsahihisha, Rodel akiwepo anauliza kama ulimtaja, wote wanasema pamoja, na chumvi haipatikani mpaka mtu apige kelele. Tangawizi ilikauka kwenye kile kitambaa na hakuna aliyeibadilisha. Mama yako hajakuota hata mara moja. Yeye hakuvushwa, watu wazima hatuvushwi, na bado hukuja kwake. Akawa anasogeza kigoda karibu na meza, anachuja kahawa polepole ili asikose neno. Siku moja akauliza, akijifanya anatania, "Na mimi hakuniulizia, huyo mama yako?"

Onyok akafikiri. "Alisema unywe dawa yako ya presha."

Miezi mitatu mama yako hakukosa kidonge hata kimoja.

Ila wasichana wako walikuwa wanaumia. Ilipokaribia siku ya kuwatembelea marehemu, Aiza alimfuata mama yako kisimani, mdogo wake nyuma.

"Bibi, turudishe."

"Niwarudishe wapi?"

"Upande ule mliotutoa. Tuvushe kinyume. Labda njia itafunguka."

"Mjukuu wangu, mlivushwa ili mlindwe."

"Sisi hatutaki kulindwa Mama asitujie," Jonalyn akasema.

Mama yako akaendelea kuvuta ndoo. Wewe ungewajibu nini?

Siku yenyewe ikafika, tukaja kwako na mishumaa, wali wa kunata, na soda ya chungwa uliyokuwa ukiipenda. Makaburi yamejaa watu, watoto wanakimbizana, redio zinaimba. Mama yako akasimama kushoto ya kaburi lako safari hii, Rodel kulia. Rodel alinong'ona, "Mama, una hakika?" Akajibiwa, "Nyanyua." Wakaanza na Aiza, mzito sasa, miguu ikaburuta mshumaa mmoja. Wakaitwa majina kwa sauti, wote wawili, ili usikie.

Jirani yetu mmoja akaacha kula. "Bi Concordia! Unamrudishia marehemu watoto? Umerukwa na akili?"

"Ni wake," mama yako akasema.

Kesho yake wasichana waliamka kabla ya jogoo na kukaa mezani.

"Umemuota?"

"Hapana. Wewe?"

"Mimi niliota mbuzi."

"Labda ndiye yeye?"

"Mama hakuwa na ndevu, Jonalyn."

Wakacheka. Siku ya pili hawakucheka. Jonalyn akaanza kulala na utepe wako wa kupimia ameuzungusha mkononi. Aiza aliacha kula pilipili kwa kuwa mtu alimwambia inafukuza ndoto. Ikafika Krismasi, ukapita mwaka mpya, wakaacha kuulizana. Na Onyok naye habari zikampungua. Akiulizwa anasema, "Alipita tu." Au, "Alikuwa na haraka."

Wiki iliyopita mama yako alikuwa anafumua vitambaa vyeusi vya msiba kwenye mashati yetu, kwa sababu mwaka ukiisha tunavua weusi. Watoto walikuwa wamemzunguka, wanaokota nyuzi. Onyok, ambaye sasa ana miaka mitano, akasema:

"Kitendawili!"

"Tega!" Tulifurahi, maana kitendawili kilikuwa hakijategwa nyumbani humu tangu ulipoondoka.

"Kila siku ninawaambia nimemuona, na sijamuona hata siku moja."

"Upepo," akasema Aiza.

"Siyo."

"Kisogo chako!" akasema Jonalyn.

"Siyo. Hata Bibi hajui."

Mama yako akafikiri mpaka akachoka. "Haya, tumeshindwa. Twakupa mji. Chukua Iloilo."

"Siutaki."

"Chukua Manila basi, na magari yake yote."

"Siutaki mji." Akaziangusha nyuzi alizookota. "Jibu ni Mama."

Mama yako akaliweka shati chini.

"Sikumuota, Bibi. Hata siku moja. Nilikuwa natunga."

"Na gauni?" mama yako akauliza. "Upindo je?"

"Nilikuona unaushona. Nilikuwa chini ya meza, sijalala bado."

"Lakini kwa nini, mwanangu?"

"Nikisema Mama kaja, wote mnaongea."

Tulidhani Jonalyn atampiga. Hakumpiga. Aiza alinyanyuka, akautungua upawa ukutani, vumbi na utando wa buibui juu yake, akaufuta kwa gauni, akamwekea mdogo wake mikononi. "Haya. Sema wewe."

Onyok akaukumbatia kifuani. Tukasubiri. Chai ikapoa. Hakusema kwamba anafikiri. Mwishowe akaurudisha mezani, taratibu, na Jonalyn akautundika tena.

Kwa hiyo hatuna habari zako, Gemalyn. Hatujawahi kuwa nazo. Mlango tulioogopa kwamba tumeuacha wazi kwa Onyok haukuwa wazi, na ule tuliowafungulia dada zake haukufunguka. Mama yako bado anasogeza kigoda asubuhi, ni mazoea tu, na watu wanakunywa kahawa yao. Dawa anakunywa akikumbuka.

Leo padre atasoma jina lako, tutakula wali na nyama ya nguruwe na majirani, na tutavua weusi kama inavyotakiwa. Mama yako amefumua mashati ya wote. Lake amejaribu mara mbili, na mara mbili amerudishia uzi.

Unakumbukwa na mama yako Concordia, na mumeo Rodel ambaye hivi sasa haongei hata Jumapili. Unakumbukwa na binti zako Aiza na Jonalyn, ambao walivuka na wakarudi. Unakumbukwa na Onyok. Anasema tukuandikie kwamba ndala amezirudisha.

Uje, usije, tutakukumbuka daima.