Uso wa Yoramu Majini

Mkonze,
Dodoma.
8 Juni, 2025

Mpendwa binamu yangu Hilda,

Hujambo huko Tanga? Kifua kimepona? Na mwani je, umekubali? Sisi huku tunapumua, ila upepo umetukausha midomo.

Kwanza natangaza rasmi, kwa niaba ya ukoo mzima, kwamba mimi Sostenes nimenunua miwani. Mke wangu anasema nafanana na mkaguzi wa shule aliyestaafishwa. Wewe cheka tu. Nasikia siku hizi unatia nazi hata kwenye mlenda.

Sasa ile video ya Yoramu uliyonitumia, aliyopigwa chini ya maji kwenye shamba lako la mwani baharini, wiki ileile aliyozama. Unajua dada Loisi hakupata hata mwili wa mwanawe azike. Alitaka jambo moja: auone uso wake, ajue kama alikuwa na furaha huko, maana waliagana kwa maneno makali. Na picha yenyewe ilikuwa kijani tupu, uso umepindwa na maji.

Basi mimi, fundi wa video za harusi, nikajitosa. Rangi niliirudisha. Kunyoosha ndiko kazi: unatafuta kitu kimoja ambacho una hakika kimenyooka, ukikiweka sawa hicho, vingine vinafuata. Nikaiona kamba yako ya mwani nyuma yake. Nimekulia Makutupora, kwenye waya za zabibu zinazokazwa nguzo hadi nguzo, nikadhani nayo imekazwa hivyo. Nikainyoosha kamba, nikahifadhi juu ya ile video ya mwanzo, ikafutika.

Juzi kwenye simu ukasema kamba za mwani huachwa zilegee, maji yakivuta zinapinda. Nikasingizia mtandao, nikakata simu.

Msalimie shemeji Bartolomayo, na mama Swaumu jirani yako. Mungu awatoe salama kila mnapoingia majini.

Uliuliza kama Loisi alifurahi. Aliitazama sebuleni kwangu. Kamba imenyooka kama rula, mdomo wa Yoramu umevutwa chini. Akasema, "Kumbe mwanangu alikuwa analia."

Wewe uliniambia alikuwa anacheka, na simu yako ya zamani iliyokuwa na nakala imeshakufa. Jana nikamweleza Loisi yote: kamba, kosa langu, kicheko. Nikamwambia akupigie wewe uliyekuwepo. Anasema tumepanga maneno.

"Kaka Soste, usinibembeleze," akaniambia. "Nimemwona kwa macho yangu."

Nduguyo akupendaye, asiyejua afanye nini,
Sostenes