Mkojo wa Panyin

Jumapili, 7 Januari

Nimemwokoa pacha wangu Panyin! Jana nilimbeba mgongoni hadi hospitali kama gunia la mihogo, mbio, bila kupumzika hata mara moja.

Uongo mtupu. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda namcheka. Nilishamnyoa kichwa, ikawa zamu yake kuninyoa mimi, kama kila Jumamosi. Alipofika nusu, wembe ukamtoka. Mdomo ukaenda upande. Nikamwambia, "Acha uchale, maliza kazi." Jirani yetu Serwaa, muuza uji, ndiye aliyepiga kelele na kuita teksi.

Kiharusi. Ubongo umevimba, kasema Daktari Ansere. Nilisikia. Sikuhisi kitu. Nikavaa kofia.

Jumatatu, 8 Januari

Wameanza dawa. Upepo wa vumbi umeleta baridi, dawa imeganda chupani chembechembe kama sukari. Nesi, Sista Abrefi, akaitumbukiza chupa kwenye karai la maji moto mpaka zikayeyuka.

"Tia na maziwa basi, tunywe wote," nikamwambia. Akacheka kidogo.

Daktari hakucheka. Dawa hii inavuta maji kutoka kwenye ubongo, kasema, na maji hayo yatoke kwa mkojo. Yasipotoka, figo zinaharibika, dawa inasimamishwa hapo hapo. Kwa hiyo kila tone lipimwe. Manesi wawili, wagonjwa thelathini — basi mimi, kwa kuwa najua kuandika, nikapewa jagi lenye mistari na karatasi. Mfuko wa mkojo unaning'inia kitandani. Mrija umeingia kule nisikokutaja.

Karani wa mkojo! Miaka sabini na minne, hatimaye nimepata cheo.

Jumanne, 9 Januari

Kwetu mkojo wa mzee haukutwi na jua. Mama alikuwa akimwaga wa baba kabla jogoo hajawika. Marehemu mke wa Panyin vivyo hivyo. Na huu hapa umetundikwa, wageni wa kitanda cha pili wanautazama kama picha ya ukutani! Alfajiri nikaumwaga. Jagi sikuligusa.

Sista akaja. "Babu, ngapi?"

"Lita mbili! Huyu ni farasi, mwanangu."

Wa kitanda cha pili wakacheka, wakamsifu. Ningesemaje? Kwamba Panyin, aliyetangulia kuzaliwa na hajaacha kunikumbusha, katoa kikombe kimoja tu? Sista akaandika. Akatundika chupa nyingine ya dawa.

Jumatano, 10 Januari

Karatasi inasema lita mbili.

Nusu kikombe. Rangi ya chai iliyolala.

Alhamisi, 11 Januari

Uso wa Panyin umejaa. Macho yamezama ndani. Nilimtekenya unyayo, hakunitukana.

Majibu ya damu yamekuja. Daktari akatazama karatasi yangu, akatazama mfuko, akatazama karatasi tena.

"Mzee, hizi lita mbili mbili ulizipima?"

Nikakohoa.

"Mzee."

Nikasema yote. Kikombe. Nusu kikombe. Leo vijiko viwili. Nikamweleza na habari ya jua. Sista Abrefi akaweka mkono mdomoni. "Babu, mimi si ningekufunikia mfuko kwa kitambaa tu!"

Kitambaa. Sikukiwaza.

Daktari hakufoka. Bora angefoka. "Ungeniambia Jumanne, ningeisimamisha Jumanne." Ameisimamisha leo. Figo huenda zikaamka, huenda zisiamke. Na uvimbe wa ubongo unaweza kurudi, na dawa hiyo hawezi kumpa tena.

Nikamuuliza tutajua lini. Akaonyesha mfuko kwa kidole.

Ijumaa, 12 Januari

Mfuko umefunikwa kwa khanga ya Sista. Nimefunua mara arobaini.

Hakuna kitu.

Nimekunywa uji. Sijui ulikuwa na sukari au haukuwa nayo.

Jumamosi, 13 Januari

Serwaa kaja na uji, kaja na wembe. "Vua hiyo kofia, Kakra, nikumalizie upande uliobaki. Unatembea kama kuku aliyenyonyolewa nusu, wiki nzima!"

Nikamwambia kwetu mtu humaliziwa kunyolewa na mwingine akishafiwa na aliyeanza kumnyoa. Uongo, nimeubuni papo hapo. Lakini Serwaa kauweka wembe kitandani, kaondoka bila kuaga.

Kwenye mrija kuna kitu. Nimeinama kuangalia. Tone moja. Limeshikilia pale, halianguki. Nimechukua jagi. Nimeandika saa. Safari hii naandika nilichokiona: tone, bado halijaanguka.

Panyin. Leo Jumamosi. Mimi nilikunyoa kichwa chote, hata nyuma ya masikio. Wewe umebakiza upande wa kushoto. Kofia nimevua, wembe nimekuwekea kiganjani, kichwa nimekiinamisha hapa hapa kwenye shuka. Sikuombi kitu kikubwa. Nimalizie zamu yangu.