Karatasi Iliyo Ukutani kwa Femke

Bi Hillie, mshauri wetu wa gazeti la wafugaji, nakuomba msaada wakati ungali na faida kwangu. Kwa miaka arobaini nimeficha kilichowaua vibuzi tisa wa kaka yangu Roelof, nikamwachia mtu mwingine aubebe mzigo huo.

Nina miaka themanini na sita, daktari wa moyo ameacha kunipangia tarehe za kurudi, kwa hiyo uniwie radhi kwa mwandiko. Nilikuwa mwalimu wa mifugo katika shule ya kilimo hapa mkoani Drenthe. Mwaka ule serikali ilipoweka kikomo cha maziwa ya ng'ombe, Roelof aliuza ng'ombe wake akanunua mbuzi, kama walivyofanya wengi, na sote tulikuwa watu wa ng'ombe tangu enzi za babu, mbuzi tulikuwa tunawaona kwa majirani maskini tu. Machi walizaliwa vibuzi kumi na wanne. Roelof hakutaka pembe zizini, akaniita mimi kwa kuwa ndimi niliyesoma, nikaja na chuma kile kile cha kuchomea vichipukizi vya pembe za ndama ili zisiote, nikakikandamiza kichwani, nikahesabu mpaka ishirini kama nilivyowafundisha wanafunzi kwa ndama, nikainua, nikarudia kila upande mara ya pili ili nisije nikaitwa tena.

Siku hiyo hiyo mkewe Roelof, shemeji yangu Geesje, alianza kuwapa maziwa ya unga. Siku ya pili vibuzi wakaanza kuinamisha vichwa, wengine wakizunguka mahali pamoja kama vipofu, na kufikia Jumapili walikuwa wamekufa tisa. Jumatatu jioni Roelof aliniuliza mbele ya majirani waliokuja kunywa kahawa. Nikasema ni maziwa, yalichanganywa yakiwa ya baridi.

Geesje akasema, "Nilipima kwa kipimajoto, shemeji."

Nikamjibu, "Kipimajoto hakimsaidii mtu mwenye haraka."

Tangu siku hiyo Geesje hakuchanganya tena maziwa ya mnyama yeyote. Mjukuu wake Femke alipozaliwa na mama yake akaugua, Geesje alikataa kumtengenezea chupa, akasema wapeni wengine, mimi mnanijua. Kwenye sherehe za kuzaliwa, tukiwa tumekaa viti kwa duara, hakosekani mtu wa kumtania: "Geesje, na hii kahawa umeipima?" Watu wanacheka. Mimi nacheka pia.

Ili uongo wangu usimame wima niliuandikia sheria. Niliandika kwenye karatasi yenye muhuri wa shule: kibuzi asichomwe kabla ya wiki ya tatu, tumbo lake likishayazoea maziwa ya unga. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba fuvu la kibuzi ni jembamba kuliko la ndama na kwamba joto lilipenya, lakini karatasi ilikuwa imekwisha kubandikwa ukutani kwa Roelof. Roelof alifariki miaka sita iliyopita, Femke akarithi mbuzi na karatasi, akaiwekea fremu. Wiki iliyopita alinijia na mkate wa zabibu akaniuliza, "Babu Lammert, daktari wa mifugo anasema wiki ya kwanza, karatasi yako inasema ya tatu. Kati yenu nani anadanganya?" Alikuwa anacheka. Daktari anakuja Alhamisi, na Femke anataka kumwahirisha kwa heshima yangu.

Jambo la mwisho. Mke wangu hayupo, watoto hatukujaliwa, na Geesje anakaa nyumba ya kushoto, yaani ndiye jirani yangu wa kwanza. Kwetu, kama ujuavyo, jirani wa kwanza ndiye anayekuosha na kukuvisha ukifa, kisha anapita nyumba hadi nyumba kutangaza. Je, haitoshi nikimwambia Femke kwamba elimu imebadilika, amsikilize daktari, na haya mengine niondoke nayo? Geesje ana miaka themanini na miwili. Naogopa kumsumbua.

Lammert, Drenthe

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu Lammert, nakuhurumia, na nafurahi umeandika. Sasa nisikilize.

Nianze na wale wasioweza kusubiri. Mpigie Femke simu leo, ukimaliza kusoma hapa. Mwambie karatasi ile haifai na Alhamisi daktari aje. Kibuzi huchomwa akiwa na siku nne hadi kumi hivi, pale kidole kinapohisi kichipukizi kidogo chini ya ngozi. Madume mapema zaidi, kwa sababu pembe zao hukua upesi. Ukingoja wiki ya tatu pembe imeshashika mizizi, chuma kinahitaji muda mrefu, na hapo ndipo ubongo unapoungua. Karatasi yako haikuwa uongo tu, mzee, ilikuwa inaelekeza watu kwenye kosa lile lile ulilolifanya wewe.

Dawa ya ganzi na ya maumivu ni kazi ya daktari, maana dozi ya ganzi ya ndama inaweza kumuua kibuzi. Nywele zinyolewe. Chuma kiwe cha vibuzi, kipate moto hasa, kijaribiwe kwenye ubao: kikiacha pete nyeusi papo hapo, kiko tayari. Kikiwa vuguvugu mtu hukandamiza muda mrefu, na huo ndio mtego. Sekunde chache, inua, acha fuvu lipoe kabla ya kugusa tena. Femke amuulize daktari kuhusu kinga ya pepopunda, na asimpe kibuzi maziwa mpaka asimame vizuri. Aliyepita umri huo abaki na pembe zake. Na ajiulize pia kama zizi lake, likiwa na nafasi ya kutosha, linahitaji kuchoma hata kidogo.

Sasa Geesje. Unasema unaogopa kumsumbua. Amesumbuliwa miaka arobaini, na wewe ukiwa kitini ukicheka. "Elimu imebadilika" ni uongo wa pili wa kuuvisha ule wa kwanza. Unataka mwanamke huyu akuoshe mwili, akuvishe shati, apite mlango kwa mlango akitaja jina lako kwa heshima, huku yeye bado ndiye aliyeua vibuzi? Usimfanyie hivyo.

Nenda wewe. Usimtume mchungaji wa kanisa, usiache barua ya kusomwa baadaye. Mweleze Geesje mbele ya Femke, ili usikiwe na mtu wa pili, na umruhusu awaambie majirani wa lile duara la viti. Usiombe msamaha siku hiyo hiyo. Akitaka kukupa atakupa, na asipotaka kukuosha, ana haki.

Na kitu kimoja nimekiona. Umeandika kurasa nne, umehesabu vibuzi, umetaja mpaka mkate wa zabibu, lakini unasema tu "baadaye nilikuja kuelewa". Baadaye lini? Mwalimu wa mifugo huona mizoga tisa asichunguze hata mmoja? Usimpelekee Geesje neno "baadaye" mpaka uwe umejibu hilo.

KADI ILIYOTUFIKIA WIKI HII, baada ya jibu hili kumfikia Lammert kwa posta; tunaichapa kwa ruhusa ya mwandishi

Bi Hillie, vibuzi wamechomwa Alhamisi, wote wananyonya. Femke ameitoa ile fremu. Jumatano alinisukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka kwa Geesje, akatumiminia kahawa na kutugawia biskuti moja moja. Nilieleza yote kama ulivyosema. Geesje aliniuliza jambo moja tu, lile lile lako: "Ulijua lini, shemeji?"

Nilimjibu kwamba Jumatatu ile asubuhi, kabla sijaenda kwenye kahawa yao na kabla sijatamka neno maziwa, nilipasua fuvu la kibuzi mmoja kwenye meza ya shule, na alama mbili za chuma changu zilikuwa juu ya ubongo.