Nilimtoa Mbioni Asiye na Kosa, Sasa Wanataka Nikafundishe

Mpendwa Mama Leokadia, naomba unisaidie, na kama ni kunigombeza nigombeze tu, maana nyumbani kwangu hakuna wa kunigombeza, mke wangu Bogna ananihurumia na huruma yake inanimaliza. Mimi ni mwamuzi wa mbio za pikipiki, huu mwaka wa kumi na tisa, nimekaa kwenye vibanda vya juu vya karibu viwanja vyote vya Poland na kote nimetukanwa. "Mwamuzi buti la mpira!" wananiimbia, ndilo tusi la mwamuzi mbovu huku kwetu, watu elfu nane kwa mpigo, na mwaka mmoja mashabiki wakaja mpaka getini kwangu wakanitundikia jozi nzima ya mabuti ya mpira, Bogna akayavaa kuchimbia viazi, tukacheka. Matusi nimeyazoea. Kinachonishinda sasa ni sifa.

Ilikuwa Jumapili ya Agosti, mchana wa jua kali, mbio ya kumi na tano ambayo ndiyo ya mwisho, wenyeji wana pointi arobaini na nne na wageni arobaini, yaani wageni wakishika nafasi ya kwanza na ya pili wanatoka sare, na sare hiyo waliililia mwaka mzima. Kofia nyekundu ya wenyeji alivaa Kajetan Bruzda, ambaye kila mtu anajua anavyoendesha na kila mtu hunyamaza kwa sababu anashinda. Kofia nyeupe ya wageni alikuwa Tymon Rzepka, kijana wa miaka ishirini na moja, na ya njano Olgierd Sobala, mtu mzima mwenye watoto wawili; wa nne, mwenye kofia ya bluu, ni mwenzake Kajetan, hahusiki. Tymon na Olgierd wakatangulia mbele, sare ile pale inaonekana, na walipoingia kona ya mzunguko wa pili Kajetan, badala ya kuilaza pikipiki na kuifuata kona, akainyoosha makusudi akaenda moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele la Tymon, na pikipiki zetu hazina breki, Tymon akaruka upande mmoja na pikipiki upande mwingine. Niliona, Mama Leokadia. Niliona vizuri kuliko ninavyoiona karatasi hii ninayokuandikia. Nikasimamisha mbio, moyoni nikasema, Kajetan, leo nimekupata.

Sasa sikiliza nilichofanya. Mezani kwa mwamuzi kuna vitufe vinne, kila kofia na kitufe chake, ukibonyeza taa ya rangi hiyo inawaka uwanja mzima na mwenye kofia hiyo ametolewa, wengine watarudia mbio bila yeye. Viwanja vingi kitufe chekundu kiko mwisho kushoto. Uwanja ule meza yao imepangwa kinyume, kushoto ndiko kuna cheupe, na nilikuwa nalijua hilo, nimekaa pale mara kumi na moja, na kwa kuwa nalijua sikuangalia. Simu ikalia, nikageuza shingo, kidole kikaenda kushoto chenyewe. Nikasikia uwanja umelipuka, tarumbeta, mbegu za alizeti zinarushwa juu, nikashangaa wenyeji wanashangilia nini wakati nimemtoa mtu wao. Nikainua simu, alikuwa Bwana Eustachy, meneja wa wageni.

"Bwana mwamuzi, wewe umeona nini?"

"Nimeona kilichotokea."

"Kilichotokea? Mtoto amegongwa, halafu unamtoa yeye aliyegongwa! Hebu iangalie taa yako!"

Nikaiangalia. Nyeupe.

"Umelala huko juu? Tazama marudio kwenye hiyo televisheni yako, baba, nakuomba, dakika moja tu."

Ilinitosha kumwambia, "Samahani, nimebonyeza vibaya." Maneno matatu. Ningezima nyeupe, ningewasha nyekundu, watu wangepiga kelele wiki moja wakachoka. Lakini niliwatazama wale elfu nane, nikaona aibu ya mwamuzi wa miaka kumi na tisa asiyejua rangi, nikaona nitakavyochekwa kila nitakapopita, nikajibu kwa sauti ya utulivu ambayo naichukia mpaka leo, "Uamuzi wangu umesimama." Nikaweka simu chini.

Wakarudia watatu. Mechi ilikuwa imeshakwisha, wageni wakiwa na mtu mmoja sare haipatikani tena, hakuna aliyekuwa na cha kugombania isipokuwa ubishi. Mzunguko wa tatu Olgierd akampita Kajetan, na Kajetan akafanya vilevile, akainyoosha, akamsukuma Olgierd nje mpaka ukingoni, Olgierd akapita chini ya magodoro ya hewa yanayokinga uzio akagonga mbao. Hakuinuka. Nikasimamisha mbio, nikawasha taa nyekundu, safari hii nikiwa naangalia meza. Madaktari wakasema ni uti wa mgongo, na tangu siku hiyo hajasikia miguu yake.

Baada ya hapo ndipo zilipoanza hizo sifa. Kwenye televisheni wataalamu waliichora ile kona kwa mistari na mishale, mmoja akasema Tymon ndiye aliyebadilisha njia, "mwamuzi ameona jambo ambalo sisi wote hatukuliona," akasema, na mwingine akambishia, wakakaa wanagombana saa nzima juu ya sababu za uamuzi wangu ambao haukuwa na sababu yoyote, ulikuwa kidole. Kamati ya waamuzi ikakaa ikaandika kwamba uamuzi una msingi. Kuna siku nami naamka nikiwa nimeanza kuuamini. Na wiki iliyopita mwenyekiti akanipigia.

"Tuna kozi ya waamuzi wapya Jumamosi ya tarehe kumi na tisa, vijana arobaini. Tunataka uwaonyeshe mbio ile ya kumi na tano."

"Ile? Kwa nini ile?"

"Kwa sababu ulizomewa, ukapigiwa simu, na hukuyumba. Wafundishe hilo, bwana. Siku hizi vijana wanayumba mno."

Wiki hiyohiyo ikaja barua ya Jagna, mke wa Olgierd, kaiandika kwa mkono kutoka hospitali anakofanyishwa mazoezi mumewe. Nainakili hapa. "Bwana mwamuzi, tumesikia watu wengine bado wanakuandama. Usijiumize. Olgierd anasema uliamua ulichokiona, na hakuna mwamuzi awezaye kufanya zaidi ya hapo. Hata Tymon alikuja hapa, akapiga magoti kando ya kitanda akalia, akasema yote yalianzia kwake, asingekosea yeye mbio isingerudiwa. Olgierd akamshika kichwa akamsamehe. Sisi hatuna kinyongo na mtu." Huyo Tymon nasikia amerudisha leseni yake, anafanya kazi kwa mjomba wake anayetengeneza madirisha.

Bogna anajua yote. Nilimwambia jikoni, akaacha kumenya viazi akasema, "Nyamaza, mume wangu. Wamepata amani yao, unataka kuwanyang'anya na hiyo? Mtu hatembei, mwachie hata usingizi." Na mimi sijui kama anasema kweli au ananipenda tu. Nimefikiria kujiuzulu kwa sababu za kiafya, kimya kimya, nisionekane tena kwenye uwanja wowote. Nisaidie, Mama Leokadia, niseme nimvunje mtu aliyekwishavunjika, au ninyamaze nibebe mwenyewe? Na hiyo Jumamosi nikasimame mbele ya vijana arobaini niseme nini? Chapisha kama ilivyo, usibadilishe majina, nimechoka kubadilisha mambo.

Ni mimi,
Mwenye Kidole


MAMA LEOKADIA ANAJIBU

Jina ulilojipa silikubali. Kidole chako hakina kosa. Kuteleza si kuanguka, na mtu wa miaka kumi na tisa kazini ana haki ya kubonyeza vibaya mara moja kama mimi nilivyowahi kuweka sukari kwenye supu ya ukweni. Wewe hukuanguka ulipobonyeza. Ulianguka ulipoinua simu, mtu mzima mwenzako akakusihi akikuita baba, ukaiona taa, ukajua, ukachagua heshima yako. Tangu leo ukisimulia jambo hili, kidole ukipe sentensi moja tu.

Nakuonea huruma, usidhani sikuonei. Najua uzito wa kusifiwa kwa kitu kilichokuozea moyoni. Na Kajetan Bruzda ana dhambi yake, hatukutwishi wewe. Aliyemvunja Olgierd ni yeye. Lakini Kajetan alikosea mbele yako, akatazama juu kuona atapewa nini, ukampa ruhusa. Alirudi njiani akijua inaruhusiwa. Hilo ni lako na hutalikwepa kwa cheti cha daktari. Kujiuzulu kimya kimya ni kukimbia, na mficha uchi hazai.

Sasa kuhusu Bogna. Mke mwema, msalimie, ila hapa amekosea. Amani ya Olgierd si yenu ya kuigawa kama mkate mezani. Ni yake, na ukweli ni wake pia, ataufanya apendavyo. Huenda akakutukana. Huenda akakwambia utoke na usirudi. Utasimama usikilize mpaka amalize. Umewasikiliza watu elfu nane, mmoja hawezi kukushinda.

Lakini kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya nigonge meza hapa ofisini mpaka wenzangu wakainuka. Mateso ya Olgierd umeyaeleza, ya mkeo umeyaeleza, yako ndiyo usiseme. Tymon umemwekea mstari mmoja mwishoni, wa madirisha, kama mtu anayetaja habari za hali ya hewa. Umeisoma vizuri ile barua uliyoinakili kwa mkono wako mwenyewe? Kijana aliyegongwa, aliyetolewa bila kosa, alikwenda kupiga magoti mbele ya kitanda cha mgonjwa kuomba msamaha, na akasamehewa! Akasamehewa dhambi yako wewe. Ameacha kazi aliyoipenda tangu utoto kwa sababu anaamini amemlemaza mtu. Wewe unaniuliza kama kusema kutamuumiza nani. Kunyamaza kwako kunamuumiza mtu kila asubuhi anapofungua karakana ya mjomba wake.

Na mimi sijitoi. Nilikuwepo Jumapili ile, programu mapajani na kalamu mkononi kama watu wote wa mji huu, nikaandika kwenye safu ya Tymon kwamba ametolewa, na alipokuwa akirudi kwa miguu kichwa chini akijishika bega, nilimpigia mluzi wa kumzomea. Mwanamke wa miaka sitini na nane. Nimpigie mluzi mtoto aliyetoka kuanguka, kwa sababu taa imesema! Sikuangalia kona, niliangalia taa, na elfu nane tuliangalia taa. Ndiyo maana taa ni kitu kizito, bwana, na ndiyo maana hukuwa na haki ya kuiacha iwake.

Basi fanya hivi. Jibu hili nakutumia kwa posta Jumatatu, litakufikia Jumanne, na umenipa ruhusa ya kuchapisha kila kitu, kwa hiyo gazeti litatoka nalo Ijumaa, siku moja kabla ya kozi. Mtu anayeandika majina yote na namba ya mbio anataka ajulikane, nimekusaidia. Una Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Nenda mwenyewe, usipige simu. Simu umeshaitumia vibaya. Hospitalini kwa Olgierd na Jagna utakwenda Alhamisi, na utaongea wote wawili wakiwepo. Jumamosi utakwenda kwenye kozi kama walivyokuita, utawaonyesha mbio ya kumi na tano, utawaambia ulichoniambia mimi, halafu utawafundisha vijana wale arobaini maneno yako matatu, wayatamke kwa sauti, mmoja mmoja, "Samahani, nimebonyeza vibaya," mpaka yazoeleke mdomoni. Ukimaliza hapo mkabidhi mwenyekiti leseni yako, wakurudishie au wasikurudishie ni juu yao.

Lakini Jumanne yenyewe, kabla ya wote, nenda karakana ya madirisha. Usijieleze, usilie mbele yake, usimwombe akuelewe, na usimwombe msamaha siku hiyo. Kijana huyo ameshatumikishwa vya kutosha na misamaha ya watu. Mwite nje, vua kofia, mtazame usoni, umwambie, "Tymon, hukukosea. Nilijua tangu siku ile." Kisha nyamaza, umwache aulize. Wasomaji wanaposoma ukurasa huu leo Ijumaa, awe ameshalisikia kutoka kinywani mwako, si kutoka gazetini kwangu.