Ujumbe Nilioutia Sahihi

Mwenzangu, ni masika ya mwaka 2024, na leo nimeumbuka mbele ya afisa wa kazi. Usicheke.

Unamkumbuka fundi wa vifungo niliyemwachisha kazi? Barua yangu ilisema kazi imepungua. Afisa akauliza, "Bibi, una hakika?" Nikajibu, tena kwa kiburi, kwamba ninayo.

Ndipo akasoma kwa sauti ujumbe wa simu niliompelekea msimamizi wa karakana yangu: "Mwondoe kabla mimba haijawa kubwa. Ni mimi, Mwenye Karakana." Na tarehe juu! Nani hutia sahihi na tarehe kwenye ujumbe wa simu? Mimi, mwenzangu. Mimi!

Fundi mwenyewe alikuwa ameketi pale, mikono juu ya tumbo. Alisema tu, "Bibi, wewe ndiwe uliyenifundisha kushika sindano." Heri angenitukana.

Wakili wangu akaninong'oneza tukanushe. Tukanushe nini, nami nimetia sahihi?

Nimerudi na fundi wangu karakanani. Nikazima cherehani zote, nikasema mbele ya mafundi, "Kazi haikupungua. Nilidanganya. Nisamehe, mwanangu." Kisha nikamkabidhi kiti chake na mishahara yake ya miezi mitano aliyokaa bila kazi, yote.