Mguu Wangu na Picha ya Kanisani

Jumapili, 5 Oktoba 2025
Bado hospitali. Sukari imeshaula mguu, vidole vitatu vyeusi tii. Daktari ataka kukata chini ya goti. Nkamwambia akate wake kwanza, nione. Hakucheka. Binti yangu Nasriya kalia.

Jumanne, 7 Oktoba
Mjukuu wangu Balqees, anayesomea sanaa, kaja na simu. Picha ya kanisani, ya mbao, ndefu kuliko mlango, ina mabawa ya kufungua na kufunga. Eti ya zama za Nahdha. Nahdha! Nkamwambia: Nahdha ya Sultani hapa, mwaka sabini, nlikuwepo, nlishuka bandarini Matrah na sanduku moja, sikuona mtu akichora makanisa.

"Nahdha ya Wazungu, Babu! Miaka mia tano nyuma!"

Ilikuwa ya hospitali ya mapadri. Wagonjwa wao walioza miguu. Mgonjwa akiletwa, kabla ya dawa, alazwe mbele ya picha. Mtu kasulubiwa, ngozi imejaa vidonda kama vyao. Wao wasema ni Nabii Isa. Sisi twasema hakusulubiwa, basi. Lakini mchoraji yule vidonda alivijua!

Nkamwuliza, wakipona kweli? Wengine, kasema. Na wengine? "Wakikatwa miguu, Babu."

Katumwa na mamake, huyu.

Alkhamisi, 9 Oktoba
Kumbe! Chini ya picha kuna ubao wa kusukuma, umechorwa yule aliyesulubiwa, maiti kalazwa. Ukifunguliwa, maiti anaachana na miguu yake. Waliokatwa wakitazama hapo, wakajiona wenyewe. Nimeitazama mpaka simu ikazima. Nkamwita Nasriya: haya, waambie wakate. Kanibusu mkono. Kiatu kitakachobaki bila kazi apewe Thabit wa kitanda cha pili, yeye kabakiwa na mguu wa upande huo!

Jumamosi, 11 Oktoba
Homa. Weusi umepita goti.

Jumatatu, 13 Oktoba
Daktari kapita. Mguu hakuutaja. Nkamwuliza, mtakata lini? "Pumzika tu, mzee wangu." Tangu lini mimi mzee wake?

Nasriya kaleta halwa. Yeye, aliyekuwa akinipokonya hata tende!

Balqees kafungua simu bila kuombwa. Picha ileile, mabawa wazi. Ndani dhahabu, malaika anapiga fidla, mtu anapaa na jua mgongoni. Mbona hii hukunionyesha?

"Ya ndani hii, Babu. Ikifunguliwa sikukuu tu."

Leo sikukuu gani?

Kamtazama mamake. Mamake kashika kijiko cha halwa, hajui akipeleke wapi —